Gia boksi imeshushwa, sili imebadilishwa, oili bado inavuja

SWALI

Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Kihonda, Morogoro. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A, gia za kukanyaga klachi. Tangu mwezi wa tatu inadondosha oili. Asubuhi nakuta doa la ukubwa wa kisosi sakafuni, na nikisimama kwenye foleni nasikia harufu ya oili inayoungua. Fundi wa kwanza alisema ni sili ya nyuma ya krenki, ule mpira unaozuia oili pale injini inapokutana na gia boksi. Akashusha gia boksi, akaweka sili mpya, nikalipa kazi ya siku mbili. Baada ya wiki tatu doa likarudi palepale. Fundi wa pili aliangalia kwa tochi dakika chache tu, akasema injini imechoka, ifanyiwe ovahoo, yaani ifunguliwe yote na kufanywa upya. Mume wangu anashauri tuliuze. Gari linawaka vizuri, halitoi moshi na lina nguvu zake. Nifanye nini?

Mwalimu, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwalimu. Pole kwa pesa iliyokwenda. Msiliuze kwanza, na wala usilipie ovahoo. Katika maelezo yako yote sijaona mahali ambapo mtu aliiosha injini hiyo kabla ya kutoa hukumu, na hilo limenisikitisha kuliko doa lenyewe.

Oili inateremka. Gari likiwa mwendoni, upepo nao unaisukuma kuelekea nyuma. Kwa hiyo tone linaloangukia sakafuni karibu kila mara limetoka juu zaidi ya pale unapoliona. Injini ya miaka zaidi ya 25 imevaa koti la vumbi na oili ya zamani, kila kona imelowa, na fundi akiinama chini anaona sehemu ya chini kabisa, yaani pale injini inapoungana na gia boksi. Anasema sili ya nyuma. Mara nyingine ni kweli. Kwa injini za ukoo wa 5A, mara nyingi nilizozifungua mimi haikuwa kweli.

Sababu ni distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi. Kwenye 5A yako distributa imefungwa mwishoni mwa silinda hedi, ile sehemu ya juu ya injini, upande uleule wa gia boksi. Shingoni ina oringi moja ya mpira, ndogo kama bangili ya mtoto. Mpira huo ukishapikwa na joto kwa miaka unakuwa mgumu, unakatika ukiukunja. Hapo oili inapenya taratibu, inateremka nyuma ya hedi, inapita juu ya gia boksi, inadondoka mahali ambapo tone la sili ya nyuma lingedondoka. Mwaka 1996, nikiwa gereji ya Tanga, nilishusha gia boksi ya Corolla 100 ya mzee mmoja muuza machungwa wa Muheza kwa kosa hilohilo. Alirudi baada ya siku kumi, hakugomba, akanionyesha tu doa. Nilimrudishia pesa ya kazi, nikanunua oringi, nikaifunga kwa nusu saa. Tangu siku hiyo sijagusa gia boksi ya mtu kabla ya kuosha injini.

Harufu ya kuungua inanipeleka mahali pa pili: kava ya tapeti, lile bati la juu unapofungua kifuniko cha kujazia oili. Gasketi yake ni ya mpira, nayo inakauka vilevile. Ekzosi ya injini yako iko upande wa mbele, kwenye rejeta, na oili ikichuruzika kutoka kwenye kava upande huo inaangukia bomba la moto. Ukiwa mwendoni upepo unaiondoa harufu, ukisimama inaingia ndani. Usilipuuze hilo, kwa sababu oili juu ya ekzosi inaweza kuwaka moto.

Sasa tutafute oili inakotoka. Injini iwe baridi kabisa, imelala usiku kucha. Funika distributa, alteneta na mdomo wa kuvutia hewa kwa mifuko ya plastiki, uifunge vizuri. Sugua kwa brashi na maji ya sabuni, na palipo na uchafu mgumu tumia mafuta ya taa kidogo. Suuza kwa maji ya taratibu. Usikubali ile mashine ya maji ya nguvu ya pale wanapoosha magari, inaingiza maji kwenye nyaya na ndani ya distributa. Acha ikauke kabisa, mafuta ya taa yaishe, ndipo uwashe.

Kisha chukua poda ya mtoto, ile nyeupe ya kawaida. Injini ikiwa kavu na imezimwa, nyunyiza kuzunguka kava ya tapeti, chini ya distributa, kwenye maungio ya injini na gia boksi, na pembeni mwa sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Usiipeleke kwenye mikanda. Endesha dakika 15 au 20, rudi, zima, ufungue boneti. Poda iliyolowa inageuka kahawia. Tafuta alama iliyo juu kuliko zote. Nyuma ya hedi jicho halifiki, kwa hiyo tumia tochi na kioo kidogo cha kujitazamia. Usiku tandaza boksi lililokunjuliwa chini ya gari. Tone jekundu si la injini, huenda ni mafuta ya usukani. Tone zito lenye harufu kali kama ya kiberiti ni la gia boksi. Na mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Fundi akitoa distributa, aweke kwanza alama ya mkwaruzo kwenye distributa na kwenye hedi, airudishe palepale. Ikigeuka kidogo tu taimingi ya moto, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, inahama na gari linakosa nguvu. Kava ya tapeti nayo ikazwe kwa mkono mwepesi, kidogo kidogo kwa zamu. Wanaoikaza kwa nguvu wanaipinda, halafu haizibi tena. Gasketi meka, ile gundi ya kuzibia, ipakwe kidogo tu kwenye zile kona ambako hedi inakutana na vishikizo vya kamshafti, mhimili unaofungua valvu, si kuzungushwa kava nzima. Akiwa hapo atazame mashimo ya plagi. Yakiwa na oili, abadilishe na mipira yake.

Kuna kitu kimoja kilichoweza kuharibu hata sili yako mpya. Injini inapumua kupitia valvu ndogo iliyounganishwa na mpira kwenye kava ya tapeti. Ikiziba kwa masizi, presha inajaa ndani na kusukuma oili itoke kwenye kila sili dhaifu. Itoe, itikise sikioni. Nzima inagongagonga, iliyoziba iko kimya.

Na hiyo ovahoo, ipime mwenyewe. Injini ikiwa ya moto na inanguruma taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili. Pumzi kidogo ni kawaida. Ikitoka kwa nguvu na moshi kama birika linalochemka, na valvu ile ni nzima, hapo ringi za pistoni zimekwisha na fundi wa pili ana hoja. Lakini gari lisilotoa moshi na lenye nguvu, sioni kwa nini lifunguliwe tumbo.

Mpaka upate jibu, pima oili kila unapotoka, gari likiwa mahali tambarare, ujazie isipite alama ya juu. Usiweke oili nzito wala dawa za chupa za kuzuia kuvuja. Mpira uliokauka hauna dawa, unabadilishwa. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, simama hapohapo na uzime.

Fanya kazi ya poda Jumamosi hii, kisha uniandikie ililowa wapi kwanza: mbele kwenye kava, upande wa gia boksi chini ya distributa, au upande wa mikanda. Ikiwa ni upande wa mikanda tutazungumza upya, maana hapo kuna sili za kamshafti na krenki, na oili inakula mkanda wa taimingi.