Jibu: K. 380 na L. 23 ni sonata mbili au moja?

Mkuu, ni moja. K. 380 uliyoisikia na L. 23 iliyo kwenye nota zako ni sonata (kipande cha kinanda) ileile ya mtunzi Scarlatti (Domenico, si baba yake), ya E meja. Herufi hizo zinaonyesha orodha iliyotoa namba.

L ni Alessandro Longo, Mwitaliano aliyezichapisha sonata za Scarlatti mwanzoni mwa karne ya 20. Alizipanga mafungumafungu ili zipigwe kwa mfululizo, hivyo namba yake haikuambii lolote kuhusu umri wa sonata. K. 1, inayofungua kitabu kilichotoka London mwaka 1738, kwake ni L. 366! Tena alipenda "kusahihisha" sauti zilizomkera, kwa hiyo nota zake zipige ukiwa macho.

K ni Ralph Kirkpatrick, Mmarekani, 1953. Wengine huandika Kk. ili isigongane na K. ya orodha ya kazi za Mozart. Yeye alifuata miswada na chapa za kale, akafika sonata 555. Fungua 381 uone: nayo ni E meja, maana miswadani sonata nyingi zimekaa mbilimbili. Longo pacha huyo kamtupa huko L. 225. Ila Kirkpatrick aliposema huo ndio mfuatano wa utunzi, hapo simfuati. Tarehe ya kunakili si ya kutunga.

Ukikutana na P, huyo ni Giorgio Pestelli, 1967, aliyepanga kwa mtindo wa muziki. Ni nadra.

Wewe tafuta kwa K. Nota zenye L tupu, tazama jedwali la ulinganisho kabla hujanunua, usije ukalipia sonata uliyonayo tayari.