Shahada ya Sheria Bila Leseni ya Uwakili: Kazi Zilizonipokea

Niliposhindwa mtihani wa leseni ya uwakili kwa mara ya pili, nilikaa zaidi ya mwaka mzima nikijitambulisha kuwa mwanasheria anayesubiri. Katika kila tangazo la kazi nililitafuta kwanza neno "wakili", na nisipoliona nilihamia tangazo lingine, hivyo nafasi ambazo ningezimudu vizuri zilinipita bila kuziomba. Ninamwandikia mhitimu wa sheria aliye katika hali hiyo sasa, awe ameshindwa mtihani, amekosa ada ya mafunzo, au ametambua tu kwamba mahakamani si pake.

Kazi iliyonipokea ni usimamizi wa mikataba katika kampuni ya ujenzi. Mawakili huandaa mkataba, pande zote hutia saini, kisha mkataba hufungiwa kabatini, ilhali majukumu yaliyomo ndiyo kwanza yanaanza. Lazima awepo mtu anayejua dhamana ya utekelezaji inaisha lini, malipo yanadaiwa kwa hati ipi, na notisi inatumwa kwa nani. Chukua mikataba ya mwaka 1999 ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, inayotumika katika miradi mikubwa ya ujenzi duniani: kifungu cha 20.1 kinamtaka mkandarasi anayedai muda au malipo ya ziada atoe notisi ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, tukio lililozaa dai hilo, na asipofanya hivyo hupoteza haki yake hata kama dai lenyewe ni la kweli. Katika mwaka wangu wa kwanza, mhandisi mmoja alinitajia katika mazungumzo ya kawaida kwamba michoro ilichelewa kufika. Kwake hiyo ilikuwa kero ya kila siku. Mimi nilihesabu siku, nikakuta zimebaki sita, na barua ikatoka jioni ile ile. Hakuna aliyeniuliza habari za leseni. Alihitajika mtu aliyezoezwa kuyapa maneno "ndani ya siku 28" uzito wake, na zoezi hilo nililipata darasani kwa miaka yote ya shahada.

Eneo la pili ninalolipendekeza kwa moyo wote ni uzingatiaji wa sheria katika taasisi za fedha. Tangu FATF, chombo cha ushirikiano wa serikali za nchi mbalimbali, ilipoundwa mwaka 1989 ili kupambana na utakatishaji wa fedha, benki zimelazimika kuwatambua wateja wao, kufuatilia miamala inayotia shaka na kuitolea taarifa, na kazi hiyo hufanywa na watu wanaoweza kusoma kanuni ndefu na kuzigeuza kuwa hatua ambazo karani wa dirishani anaweza kuzifuata. Ulinzi wa taarifa binafsi unafanana nayo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018 inamtaka afisa wa ulinzi wa taarifa awe na ujuzi wa kitaalamu wa sheria na utendaji wa eneo hilo. Haisemi kwamba lazima awe wakili. Hata hivyo, shahada peke yake haitoshi hapa, na ningekushauri uongeze cheti cha fani husika pamoja na uelewa wa jinsi mifumo ya kompyuta inavyohifadhi taarifa.

Zipo pia kazi za kushughulikia madai ya bima, mahusiano kazini, uhariri wa machapisho ya sheria, tafsiri ya nyaraka na uandishi wa habari za mahakama. Usuluhishi nao uko wazi kwa wasio mawakili katika nchi nyingi, na wahandisi na wasanifu majengo wameufanya kwa miaka mingi, lakini pande zinazogombana humchagua mtu zinayemwamini kwa uzoefu wake, kwa hiyo usiutegemee kuwa ajira yako ya kwanza.

Jambo moja nalisisitiza kwa sababu nimeona watu wakiharibikiwa nalo. Ndugu na majirani watakuja na wosia, hati za kiwanja na kesi zao, wakiamini kwamba aliyesoma sheria ni wakili. Katika nchi nyingi ni kosa kujitambulisha kuwa wakili, kumwakilisha mtu mahakamani au kuandaa nyaraka fulani kwa malipo bila leseni. Mimi huwasikiliza, huwasaidia kupanga karatasi zao kwa tarehe, kisha huwaelekeza kwa wakili. Wengine huondoka wamenuna, na inaniuma, lakini sijawahi kubadili utaratibu huo.

Kuhusu usaili, swali la kwa nini hukuwa wakili litaulizwa. Nilikuwa nikilijibu kwa maelezo marefu ya kujitetea, hadi nilipoamua kwenda na kazi mkononi. Nilichukua mkataba wa kawaida wa ugavi, nikaufupisha katika ukurasa mmoja: nani anafanya nini, kabla ya tarehe ipi, na akichelewa anapoteza nini. Nilipoulizwa, nilisema kwa sentensi moja kwamba sikufaulu mtihani, nikauweka ukurasa ule mezani. Msimamizi wa usaili aliusoma hadi mstari wa nne, akaniuliza kwa nini niliitenga tarehe ya kukagua bidhaa na tarehe ya kuzipokea, na muda wote uliobaki tukauzungumzia mkataba.