Re: No. 5 yangu hainukii, nimeuziwa feki?

Dada, unasema shosti wako hakusikia kitu akiwa upande wa pili wa meza, lakini hiyo si dalili ya feki. Manukato ya Chanel No. 5 yale mazito, ya kichupa kidogo cha kudondoshea, hayajazi chumba. Ya kupuliza ndiyo inayomtangulia mtu mlangoni.

Dakika za mwanzo utasikia ukali kama wa sabuni mpya. Hizo ni aldehaidi, kemikali za harufu ambazo Ernest Beaux, aliyeyatunga manukato haya, alizimimina bila uchoyo mwaka 1921. Zikishapaa, maua yanafunguka: waridi, mlangilangi, na asumini, ambayo ngozi ikipata joto hutoa kaharufu fulani ka mwili, karibu na jasho safi. Wapo wanaokimbia hapo. Mimi ndipo ninapoipendea. Baada ya saa kadhaa inabaki harufu ya mti wa msandali na vanila, na anayekukumbatia ndiye atakayejua.

Ngozi kavu huifyonza upesi, kwa hiyo tangulia na mafuta yasiyo na harufu, kisha tone nyuma ya masikio na kwenye mikunjo ya viwiko. Usisugue. Pua yako nayo huizoea, basi kabla hujaongeza muulize mtu aliye karibu.