Jibu: Mkanda upi utapunguza mtetemo wa msumeno wa meza?
Salaam ndugu. Umeeleza kwamba msumeno wako wa meza hutetemeka zaidi unapowashwa baada ya kukaa muda mrefu bila kazi, na unauliza ununue mkanda wa aina gani.

Kabla ya kununua chochote, chomoa umeme, vua mkanda, kisha uchomeke tena na uwashe mota peke yake. Ikiwa bado inatetemeka, kasoro iko kwenye beringi au puli ya mota (gurudumu lenye mfereji linalozungusha mkanda), na hakuna mkanda utakaoiondoa. Ikitulia, chomoa tena na ulaze rula ndefu ya chuma kwenye nyuso za puli zote mbili, uone kama ziko katika mstari mmoja.

Hata hivyo, dalili uliyoitaja inanielekeza kwenye mkanda wenyewe. Mkanda wa V (ambao ukiukata, sehemu iliyokatwa ina umbo la V) uliokaa umekazwa bila kuzunguka hushika umbo la puli, ukabaki na mapindo yanayogonga kila yanapopita. Ukiuvua na kuulaza mezani utayaona. Mimi hupendelea mkanda wa vipande vilivyounganishwa, kwa sababu haushiki umbo kwa urahisi, na urefu wake hupunguzwa kwa kutoa vipande. Ufunge kwa kufuata mshale wa mwelekeo. Puli ikiwa ndogo sana, mkanda wa V wenye mikato upande wa ndani nao hufaa, kwani hujipinda bila kupata joto jingi.

Zingatia upana pia: mkanda wa V wa aina ya A (mojawapo ya vipimo vya kawaida) una takriban milimita 13 upande wa juu, na unapaswa kubanwa na kuta za mfereji wa puli bila kugusa kitako chake. Usiukaze kupita kiasi, kwani utaziumiza beringi.