Mstari una mwenyewe

Juni 2021 kuna mama aliniondoa kwake bila kupandisha sauti, na Biblia yangu bado iko wazi mkononi.

Nyiragongo, volkano iliyo karibu na mji wetu wa Goma huku Kongo, ilikuwa imelipuka usiku wa Jumamosi, tarehe 22 Mei. Moto ukashuka hadi Buhene, ukafunika nyumba za watu hapo kando ya mji. Siku tano baadaye tukaambiwa tuhame kwa sababu ardhi haikutulia, nasi tukashika barabara ya Sake, magodoro kichwani, watoto mgongoni. Tuliporudi Goma, wamama wa kanisa tuligawana kazi ya kutembelea walioachwa bila nyumba. Mimi nikapewa mama mmoja wa Buhene aliyepokelewa na dada yake huku Ndosho.

Nilimkuta ameketi juu ya bido, yaani dumu la maji, ya manjano iliyolazwa ubavu, anachambua maharagi. Nikampa pole. Halafu, bila kungoja, nikafungua Warumi 8:28 na kusoma kwa ile sauti yetu ya ibada: “Nasi twajua ya kuwa katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema.” Akaendelea kuchambua. Kisha akauliza, macho yakiwa bado kwenye maharagi:

“Mama, nyumba yako iko?”

“Iko.”

“Mabati yote?”

“Yote.”

“Basi huo mstari uende ukausomee kule. Aksanti kwa kufika.”

Nilirudi nyumbani nimenuna. Kwenye kikundi nikaeleza kwamba yule mama imani yake imepoa, tumuombee. Tukamuombea kweli, kwa sauti kubwa. Sasa nikikumbuka ninaona aibu zaidi kwa yale maombi kuliko kwa mstari wenyewe.

Miaka miwili baadaye mdogo wangu wa kiume akafa. Aliugua siku tisa. Kilio kikawa kwangu, na mistari ikaanza kuingia mlangoni mmoja mmoja, kila mgeni na wake. “Bwana alitoa, na Bwana ametwaa.” “Mungu hampi mtu mzigo asiouweza.” Na ule wa kwangu ukaja pia, Warumi 8:28, umeletwa na kijana ambaye hata jina la marehemu alikuwa ameuliza pale mlangoni. Niliitika “amina” kila mara. Ndani nilikuwa kama mtu anayemwagiwa maji ya baridi na kutakiwa ashukuru kwa kuogeshwa.

Walipokwisha kuondoka wote nilianza kuitafuta ile mistari mwenyewe. Sikuitafuta ili nifarijike, sitadanganya. Nilitaka kugombana nayo. Swali langu lilikuwa moja tu kwa kila mstari: nani alisema haya, na alikuwa anamwambia nani?

“Bwana alitoa” ni Ayubu 1:21. Aliyesema ni Ayubu mwenyewe, nguo ameirarua, kichwa amekinyoa, watoto wake wamekufa siku hiyohiyo. Hakuna mgeni aliyemwambia maneno hayo. Na hata yeye hakukaa hapo: ukifika sura ya 3 anailaani siku aliyozaliwa. Wale rafiki watatu walipofika walifanya jambo moja zuri sana, waliketi chini pamoja naye siku saba, mchana na usiku, bila mtu kumwambia neno. Ubaya ulianza walipofungua midomo. Na walisema mambo ambayo ukiyasikia Jumapili utapiga makofi: kwamba Mungu ni wa haki, kwamba mtu atubu atarudishiwa. Lakini mwishoni, sura ya 42, Mungu anawakasirikia wao, anasema hawakunena yaliyo sawa habari zake kama Ayubu alivyonena. Ayubu, yule aliyelalamika sura baada ya sura! Nilisoma aya hiyo mara tatu.

Ule wa mzigo ndio ulioniudhi zaidi, kwa sababu haumo katika Biblia. Tumeutoa 1 Wakorintho 10:13, na pale Paulo anasema juu ya kujaribiwa: watu wa Israeli jangwani, sanamu, uzinzi. Anasema Mungu hataacha mjaribiwe kupita mwezavyo, ataweka na mlango wa kutokea. Habari za mzigo wa msiba hazipo. Tena Paulo huyohuyo, akiwaandikia Wakorinto haohao, anasema katika barua ya pili, 1:8, kwamba huko Asia “tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi”. Kuliko nguvu zetu. Mtume aliandika hivyo bila kuona haya, na sisi tunamwambia mjane wa juzi kwamba nguvu anazo.

Nikabakiwa na Warumi 8, ambao ni wangu. Huko nilichukua muda. Nilikuwa nimezoea kuchomoa aya ya 28 kama mtu anayechomoa njiti moja kwenye kiberiti. Zilizo juu yake sikuwahi kuzisikia vizuri. Aya ya 22, viumbe vyote vinaugua pamoja. Ya 23, na sisi tunaugua. Ya 26, hata Roho anatuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kuugua mara tatu, ndipo lile “nasi twajua”. Na ukishuka chini unakuta dhiki, njaa, uchi, hatari, upanga, kisha Paulo anachukua Zaburi ya 44: “tumehesabiwa kuwa kama kondoo wa kuchinjwa.” Hata hayo “mema” yanaelezwa papo hapo aya ya 29, kufananishwa na Mwana wake. Haijasemwa kwamba nyumba iliyofunikwa Buhene ilifunikwa ili upate nyingine yenye vigae. Anayesema “twajua” ni mtu aliyekaa ndani ya kuugua huko pamoja na wenzake. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

Basi ninayofanya siku hizi, kwa yeyote anayetumwa kutembelea waliofikwa, na mji wetu tangu vita vya Januari 2025 haujapungukiwa vilio, ni haya.

Ninafika na kitu cha mkono. Kilioni kwangu kuna bibi mmoja aliingia na bido ya maji, wiki ile bomba lilikuwa kavu, akawasha mbabula, jiko la makaa, na kuniuliza jambo moja tu: “Chumvi iko wapi?” Nilimjibu, na hiyo ndiyo sentensi ya kwanza niliyoisema siku ile bila kujilazimisha.

Biblia inabaki kwenye mkoba mpaka mwenye kilio aulize. Hapa sisemi tunyamaze siku zote, kwa maana hata kunyamaza kunaweza kuwa uvivu. Ukisoma Yohana 11, Martha na Mariamu wanamwambia Yesu neno lilelile, kwamba angalikuwapo ndugu yao hangalikufa. Kwa Martha, aliyetoka mwenyewe kumlaki njiani, anaongea habari za ufufuo. Mariamu alianguka miguuni pake akilia, na huyo hapewi mafundisho. Yesu anauliza tu wamemweka wapi, kisha analia machozi. Lalamiko moja, watu wawili, majibu mawili.

Na nikiombwa kusoma, ninasoma yale ambayo mtu mwenyewe anaweza kuyasema. Zaburi ya 13, “Ee BWANA, hata lini utanisahau?” Au ya 88, ambayo inaishia gizani na haina “lakini” ya kutuliza mambo. Kuna mchungaji aliniambia hiyo haifai kilioni. Mimi nimeona watu wakiishika karatasi yake na kuomba nirudie.

Yule mama wa Buhene nilimrudia, kwa kuchelewa. Anauza makala sasa, yaani makaa ya kupikia. Nilimwomba msamaha nikiwa nimesimama, kwa kuwa hapakuwa na pa kukaa, akacheka kidogo na kusema alikwisha kusahau, jambo ambalo sikuliamini. Halafu akanyosha mkono.

“Ule mstari wako uko wapi? Nataka niuone mwenyewe.”

Nikamfungulia. Hakuanza pale nilipomwonyesha. Alipandisha kidole juu, akaanza aya ya 18, anasoma kwa kunong’ona, mpaka kwenye viumbe vinavyougua. Hapo akasimama.

“Siku ile hapa uliruka,” akasema.

Mteja akaja kuulizia bei ya gunia, naye mama akanirudishia Biblia.