Kabla hujaandika "amechanganyikiwa"

Wadogo zangu mnaoanza kazi wodini, msiwahi kuondoa sahani ya mgonjwa wa kiharusi. Itazameni kwanza.

Kuna mzee mvuvi aliletwa na wanawe kwa kivuko kutoka Ukerewe. Mchana akapewa ugali na sato. Akala, akanawa, akasema ameshiba. Sahani ilikuwa imesafishwa upande wa kulia; kushoto ugali na kichwa cha samaki vimebaki vilevile. Nikaizungusha. "Kumbe bado yupo!" akasema, akaanza kula upya. Macho yake hayakuwa na kasoro. Ubongo uliumia upande wa kulia, basi kushoto kwake kukawa hakupo tena. Mgonjwa wa namna hii maji yake wekeni kulia anakoona, ila mkifanya naye mazoezi kaeni kushoto, ajifunze kugeuza shingo.

Ubongo wa kushoto ukiumia, mara nyingi mkono wa kulia unalegea na maneno yanapotea, maana kwa watu wengi lugha inakaa huko. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alichunguza ubongo wa marehemu aliyeishi miaka mingi akitamka "tan" tu, akakuta jeraha mbele, kushoto. Wa aina hiyo mtakutana nao: mama anakuelewa, anatafuta neno mpaka machozi yanamtoka, lakini ukimsalimia "mwangaluka" anaitikia bila kukwama, na wimbo wa kanisani anaumaliza. Anzeni na hapo alipobakiwa.

Wanaonitia huruma zaidi ni wale wa kinyume, ambao Carl Wernicke aliwaeleza mwaka 1874. Wanaongea kwa kasi, maneno hayashikani, na ukisema nao hawakuelewi. Nilipokuwa mgeni kama ninyi niliandika kwenye faili la mmoja wao "amechanganyikiwa", na kwa siku mbili kila aliyelisoma akampita. Ndugu zake nao walishaanza kutafuta mganga. Andikeni mlichokiona: anaongea hivi, anashindwa hivi.

Si kila aliyelegea upande mmoja ana kiharusi. Pimeni sukari kwanza. Ikishuka sana huiga kiharusi, na ikirudishwa mapema mkono unainuka mbele ya macho yenu. Kijana wa bodaboda aliyegonga kichwa wiki tatu zilizopita anaweza kuwa na damu iliyojikusanya ndani ya fuvu. Mwenye VVU, fikirieni toksoplasma, yaani maambukizi ya vimelea kwenye ubongo, au kifua kikuu cha ubongo. Na mtoto mwenye selimundu, ambao huku Kanda ya Ziwa hawakosekani, hupata kiharusi chenyewe.

Ndugu wakisema "imeanza asubuhi", ulizeni mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi. Aliyelala mzima akaamka amepooza, saa zake zinahesabiwa tangu alipolala. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina muda wa saa 4 na nusu tu tangu hapo, tena baada ya CT, picha ya ndani ya kichwa, kuonyesha hakuna damu iliyovuja. Anayetoka visiwani huwa zimeshapita, lakini ulizeni.

Halafu chupa ya uji wanayoleta ndugu, maana kiharusi huweza kumfanya mgonjwa ashindwe kumeza vizuri. Ikiingia wodini ipokeeni kwa heshima, shikamoo mama, muiweke kabatini. Mgonjwa akae wima, mpeni kijiko kimoja cha maji, kisha mwambieni aseme "aaa". Akikohoa, au sauti ikitoka kama ina maji kooni, uji usubiri.