Siku Kumi Alizonyimwa Cochise

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza ni vita gani katika historia vingeweza kuepukika, na nani abebe lawama. Jibu langu ni vita vya Cochise, mkuu wa Waapache wa Chiricahua, wenyeji wa asili wa Amerika, dhidi ya jeshi la Marekani huko Arizona, vilivyoanza mwaka 1861 na kuendelea kwa zaidi ya miaka kumi. Lawama naiweka juu ya Luteni George Bascom, na juu ya serikali iliyomkabidhi jambo zito kiasi hicho afisa kijana aliyekuwa mgeni wa nchi ile.

Kabla ya hapo adui mkubwa wa Cochise alikuwa upande wa Mexico, ambako majimbo ya Sonora na Chihuahua yaliwahi kulipa fedha kwa kila ngozi ya kichwa cha Mwapache. Kwa Wamarekani alikuwa na maelewano ya aina yake: magari ya abiria na barua yalipita katika njia ya mlimani ya Apache Pass, penye chemchemi, na watu wake waliuza kuni katika kituo cha magari hayo.

Mwezi Januari 1861 wavamizi walishambulia shamba la John Ward, wakaondoka na mifugo pamoja na mtoto wake wa kambo, Felix. Ward alidai kwamba waliofanya hivyo ni watu wa Cochise. Bascom alipofika Apache Pass na askari wake na kumwita, Cochise alikuja pamoja na mkewe, ndugu yake Coyuntura na watoto, na kwangu hilo pekee linatosha kuonyesha nia yake, kwa kuwa hakuna anayekwenda vitani na mke na watoto. Ndani ya hema akashutumiwa. Alijibu kwamba watu wake hawakuhusika, lakini akipewa siku kumi angemtafuta mtoto huyo. Bascom akamwambia kwamba yeye na jamaa zake ni mateka mpaka Felix apatikane. Hapo Cochise alichomoa kisu, akapasua turubai la hema, akakimbilia mlimani huku risasi zikimfuata. Jamaa zake hawakuweza kutoka.

Yaliyofuata yanaumiza kuyasimulia. Cochise aliwakamata Wamarekani kadhaa, akiwemo James Wallace, mfanyakazi wa kituo, akataka wabadilishane mateka, alipokataliwa, akawaua. Kwa hilo simtetei, maana Wallace hakuwa na kosa lolote. Jeshi nalo likamnyonga Coyuntura, jamaa wengine wawili wa Cochise, na Waapache watatu zaidi ambao hawakuwamo hata katika mazungumzo yale. Januari 1863 baba mkwe wake, Mangas Coloradas, naye alikwenda kuzungumzia amani, akakamatwa, akauawa na askari waliokuwa wakimlinda, na kichwa chake kikakatwa. Baada ya hayo, nani angemshawishi Cochise aingie tena katika hema la mwanajeshi?

Na Felix hakuwa amekufa. Alikuwa mikononi mwa Waapache wa magharibi, kundi jingine kabisa, akalelewa huko, na alipokuwa mtu mzima alilitumikia jeshi la Marekani kama mpelelezi na mkalimani, akijulikana kwa jina la Mickey Free.

Vita vilimalizwa kwa njia iliyokataliwa mwanzoni, yaani kumsikiliza. Mwaka 1872 Tom Jeffords, Mmarekani aliyekuwa rafiki wa Cochise, alimwongoza Jenerali Oliver Howard, ambaye mkono wake wa kulia ulikatwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, hadi katika milima ya Dragoon, bila kikosi cha askari. Cochise alitaka watu wake wabaki katika ardhi yao wenyewe, na Jeffords awe msimamizi wao. Alipokubaliwa, aliacha kupigana na Wamarekani na hakurudi nyuma hadi alipofariki tarehe 8 Juni 1874. Serikali nayo haikulinda neno lake kwa muda mrefu: mwaka 1876 iliifuta hifadhi ile, yaani ardhi waliyotengewa, na kuwahamishia watu wa Cochise katika hifadhi nyingine, San Carlos.

Cochise alizikwa kwa siri katika milima ileile. Jeffords alilijua kaburi lilipo, na alipofariki mwaka 1914 alikuwa hajamwonyesha mtu.